Chupa Tisa za Unga

Mimi uchafu siuwezi, na siombi radhi kwa hilo. Miaka kumi na minne natunza maabara hii. Kila asubuhi nashusha kila chupa rafuni, naipangusa, kisha naitikisa kidogo kuhakikisha kifuniko hakivuji.

Binti wa kaka yangu alikuwa akisomea humo, akitengeneza fuwele, vijiwe ving'aavyo kama chumvi ya mawe. Alinieleza kwamba chembe za shaba na tindikali zikiachwa kwenye maji ya uvuguvugu hushikana zenyewe, tofali juu ya tofali, mpaka ziwe fuwele zenye vijumba vidogo vya kunasa sumu majini.

"Zinajijenga zenyewe?" nikamcheka. "Basi wewe unasomea kukaa bure."

Lakini chupa tisa, wiki tisa, zilitoa unga mtupu. Mwalimu wake akaandika kwenye ripoti: mzembe. Ya kumi ikishindwa, masomo yanaishia hapo.

Ya kumi ilipowekwa, kesho yake binti aliwahi, akanikuta nimeishika, kitambaa begani.

"Shangazi, umeitikisa?"

"Bado."

"Na zile nyingine?"

"Kila siku. Ulitaka zivuje?"

Akakaa chini. Zikitikiswa, akasema polepole, zinashikana ovyo, zinakuwa unga. Kikulacho ki nguoni mwako, na mdudu mwenyewe ndiye mimi.

"Usimwambie mwalimu," akasema. "Watakufukuza."

Wiki nzima sikuigusa rafu ile, ingawa mikono iliniwasha. Siku ya saba tukakuta fuwele za buluu, kubwa kama punje za mchele. Nilimkumbatia mpaka akalalamika.

Mwalimu akazitazama kwa kioo cha kukuzia. "Umebahatisha," akasema. "Mara moja kati ya kumi si utafiti." Akashika kalamu afunge ripoti.

"Hakubahatisha," nikasema. Binti akanikanyaga mguu. Nikaendelea. "Zile tisa nilizitikisa mimi, kila asubuhi, kwa mikono hii. Hii sikuigusa. Huo uzembe niandikie mimi."

Mwalimu akalikata lile neno, mzembe, kwa mstari mmoja.

"Kumbe una majaribio kumi yanayosema kitu kimoja," akamwambia binti. "Endelea." Akanigeukia. "Wewe, njoo ofisini."

"Naja," nikasema. Tangu nizaliwe sijaenda kukaripiwa kwa furaha kama ile.