Meli Isiyovuja

Mume wangu ni fundi bomba. Tulipokwenda kwa wakala wa safari kuchagua meli ya kusherehekea miaka thelathini ya ndoa, begi la spana aliliacha nyumbani, mdomo akaja nao. Wakala anasifia muziki na bwawa la kuogelea, yeye anauliza maji taka yanatokea wapi.

Wakala akachoka, akasema ukweli. "Meli za kampuni hii vyoo huziba. Za ile nyingine ni mpya, haziharibiki kitu."

"Basi tupe hizo za kuziba," akasema mume wangu, macho yamemng'aa.

"Baba watoto, una wazimu?"

"Sasa kwenye hiyo mpya, siku saba nzima nitashughulika na nini?"

"Na mimi," nikamwambia. "Au mpaka nivuje?"