Insha ya Baba Mkwe

Mzee alipojiandikisha masomo ya jioni chuoni, familia nzima ilishangilia isipokuwa mke wa mwanawe. Yeye ndiye aliyekuwa mhadhiri wa uandishi wa insha, na ndiye ambaye angemsahihishia.

Baba mkwe huyo alikuwa mshereheshaji wa harusi mstaafu. Watu walimwita Kipaza. Akishika maikrofoni, wali ulipoa ukimsubiri.

Swali la kwanza lilikuwa: je, soko la mji lihamishwe? Kipaza alijaza kurasa sita. Kwanza aliwasalimu wasomaji kwa vyeo vyao. Kisha akasifu mboga, akasimulia marehemu mama yake alivyojua kuchagua nyanya. Msimamo wake mhadhiri hakuuona hata kwa dawa. Akaandika pembeni: "Lihamishwe au libaki?" Akamfelisha.

Jioni mumewe alimfuata jikoni.

"Mpe tu alama za kupita, mke wangu. Baba hali, halali."

"Atakula."

"Watu watasema umemvunjia heshima."

"Nikimpa za bure ndiyo nitakuwa nimemvunjia. Nitakuwa nimesema hawezi."

Kipaza mwenyewe akatokea mlangoni. "Mwanangu, nimesema mbele ya mawaziri wakapiga makofi. Leo wewe hunielewi?"

"Wao walikuwa wanaiona mikono yako, baba. Kwenye karatasi mikono haionekani."

"Unabadilisha au hubadilishi?"

"Sibadilishi."

Mzee akapeleka malalamiko kwa mkuu wa idara. Insha ikasahihishwa na mhadhiri mwingine, jina likiwa limefunikwa. Huyo akampa alama za chini zaidi.

Kuanzia hapo Kipaza hakusema na mkwewe. "Mwambie mkeo chai haina sukari," alimwambia mwanawe, mkwe akiwa amekaa hapo hapo.

"Mwambie baba kopo liko mbele yake."

Ikaja insha ya marudio, mada ya kujichagulia. Kipaza alileta kurasa mbili tu. Sentensi ya kwanza ilisema: "Mhadhiri wa somo hili anakosea kuwafundisha watu wazima kana kwamba hawajawahi kufikiri."

Masikio ya mhadhiri yakawaka. Akaendelea kusoma. Hapakuwa na salamu wala nyanya. Kila aya ilibeba hoja moja na mfano wake, ikamkabidhi msomaji kwa aya iliyofuata. Pingamizi ambalo yeye mwenyewe angelitoa, mzee alikuwa ameshalitaja na kulijibu. Sehemu moja hoja ilivuja, mhadhiri akaizungushia wino. Zilizobaki zilimchoma kwa kuwa zilikuwa kweli.

Akampa alama za juu kuliko darasa zima.

"Kumbe umemwogopa," mumewe akasema.

"Soma kwanza."

Mume akasoma, akaguna. "Mbona amekutukana?"

"Amenitukana kwa mpangilio."

Siku ya kurudisha kazi, wanafunzi walitoka, Kipaza akabaki. Alizitazama alama bila kutabasamu, kisha akaisogelea meza ya mkwewe.

"Hapa ulipozungusha, sikubaliani na wewe."

"Hata mimi sikubaliani na wewe, baba. Na ile ya kwanza bado umefeli."

"Nani amekuuliza ya kwanza?" Akavuta kiti, akaweka karatasi katikati yao. "Haya. Nithibitishie hoja yangu inavuja wapi."

Mlinzi alikuja kufunga chumba. Akawasikiliza kidogo, akaenda kufunga vyumba vingine kwanza.