Kivuli cha Mparachichi wa Ndalu

Saa nane mchana Rahab alikuwa ameketi juu ya debe nje ya hema, akichambua maharagwe ya msaada kwenye ungo wa kuazima. Ilikuwa Januari mwaka wa 2008, na uwanja ule wa ukingoni mwa Kitale ulikuwa umejaa mahema meupe ya waliokimbia ghasia za uchaguzi, kutoka ua hadi ua. Jua la kiangazi lilipiga turubai mpaka ndani hapakaliki. Rahab alitoa jiwe, akageuka kulitupa, akaona kwamba amekaa kivulini.

Hapakuwa na mti uwanjani. Kivuli kilikuwa kipana, chenye vitundu vya mwanga, na tawi moja lilipinda kuelekea kusini. Rahab alilijua tawi lile. Ndilo ambalo binti yake, Mary Ann, alifungia bembea alipokuwa mdogo. Kilikuwa kivuli cha mparachichi wa nyumbani kwao Ndalu. Alimaliza maharagwe kwanza, akayainjika motoni, ndipo akaingia hemani kumwambia mumewe.

"Baba Mary Ann, kivuli yetu imekuja."

Gathii alikuwa na ugonjwa wa kifua tangu usiku waliolala kwenye nyasi zenye umande, nyumba yao ikiteketea nyuma yao. Alisema kimechelewa, akaomba ashikwe mkono atoke nje. Rahab alimtandikia gunia, naye akalala chali akitazama mbingu tupu. Jua halikumchoma macho. Jioni hiyo alikunywa uji wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wafike.

Majirani hawakuuliza mengi. Wa kwanza kuja alikuwa Phelista, mwanamke wa Bungoma aliyekuwa amekimbia vita vya mashamba kule mlimani mwaka uliotangulia, akaja na mjukuu wake Ivy mgongoni. Alisimama pale mwanga ulipokoma, akapiga hodi kama mtu aliye mlangoni. Rahab alimwambia aingie. Phelista alimlaza mtoto, akasema kwamba yeye mlimani hakuacha kitu cha kumfuata, labda moshi. Kisha akaanza kumsuka Rahab nywele, ambazo hazikuwa zimeguswa na kitana tangu Krismasi.

Kuanzia hapo kivuli kikawa cha watu wote. Wagonjwa walilazwa karibu na shina, yaani mahali ambapo shina lingekuwa. Mama waliojifungua wakakaa upande wa tawi la kusini. Kemboi, kijana aliyesimamia kambi, alikuja kutazama. Alisema kitu hicho hakimo katika vifaa vilivyogawiwa, hivyo hawezi kukipa mtu wala kumnyang'anya. Alivua kofia, akakaa kidogo, akaenda zake.

Gathii alibuni mchezo. Ndege wa Ndalu walipotua kwenye mti wao, vivuli vyao vilitua pale kwenye gunia lake, naye akawauliza watoto ni ndege gani. Watoto wa mjini hawakujua. Aliwafundisha njiwa kwa shingo, na kunguru kwa jinsi anavyoruka akienda upande. Siku moja kivuli cha njiwa kilijenga kiota, na kwa muda mrefu kambi ile haikuwa na habari nyingine. Watu ambao hawakuwa na nyumba walitembea kwa kunyata ili wasiwashtue wale ndege.

Mwezi wa tatu vivuli vya maparachichi vikaanza kunenepa. Kimoja kilianguka alasiri, na kila mtu akasikia kishindo. Ivy alitambaa akakipapasa chini, akapata vumbi. Phelista alicheka, halafu akajifuta macho kwa ncha ya leso, halafu akacheka tena.

Ni mwezi huo Khisa alipokuja. Alikuwa jirani yao wa Ndalu, mtu waliyechota naye maji mto mmoja na kuchangiana harusi. Baada ya moto alikuwa ameng'oa ua wa mpaka na kuingiza ng'ombe wake katika shamba lao, akiwaambia watu kwamba analichunga. Alifika akisukuma baiskeli, jogoo akining'inia kwenye usukani. Alisalimu vizuri. Rahab alimkaribisha kivulini na kumtilia chai ya mkandaa, kwa kuwa maziwa hayakuwapo.

Khisa alizungumza kuhusu mvua iliyokuwa inakaribia, akaulizia kifua cha Gathii, kisha akalitoa lililomleta.

"Mama Mary Ann, ule mti uko. Hakuna mtu ameugusa. Lakini hauna kivuli. Ng'ombe inasimama chini yake na jua inaipiga tu. Si mimi naona kivuli ni ya shamba, si ya mtu?"

Rahab aliongeza chai katika kikombe cha mgeni.

"Toka kwa shamba, Baba Kizito," alimwambia Khisa. "Itarudi yenyewe."

Khisa alizungusha kikombe mikononi. Alieleza kwamba si yeye peke yake. Vijana walikuwa wamesema hakuna wa kurudi, na yeye akitoka leo, kesho ataingia mwingine ambaye hata salamu hatakuja kuwapa. Ilikuwa kweli, na wote walijua ni kweli. Haikubadilisha kitu.

Gathii alikuwa amelala upande, akisikiliza. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama maparachichi yamekomaa.

"Yanakaribia," Khisa alisema. "Ile tawi ya kusini imebeba sana mwaka huu."

"Uiwekee mti ya kuishikilia," Gathii alimwambia. "Isivunjike."

Khisa aliahidi kwamba ataliegemeza. Alikaa zaidi kuliko ilivyohitajika, shati lake likikauka jasho, na alipoinuka alisema kwamba tangu Desemba hakuwa amekaa mahali penye baridi kama pale. Alimwacha jogoo. Rahab alimchinja jioni hiyo, akaongeza maji mengi ili mchuzi ufike hema la mwisho wa mstari.

Aprili mvua ikaanza. Siku za mawingu kivuli hakikuwapo, kama vivuli vingine vyote. Gathii alikaa ndani ya hema lenye unyevu, na mawingu yalipozidi kukaa, akafa. Rahab alituma mtu Ndalu kuomba azikwe kwao. Khisa alijibu kwamba mioyo ya watu bado ina moto, wangoje. Maiti haingoji. Gathii akazikwa katika makaburi ya mji wa Kitale, kati ya watu asiowajua, na Phelista akaimba kwa Kibukusu kwa sababu ndizo nyimbo za msiba alizozijua.

Kisha kambi ikafungwa. Watu waliambiwa warudi makwao, kana kwamba kuna aliyekuwa amesahau njia. Phelista alikwenda kwa kaka yake huko Myanga, akaanza kuchuuza mahindi. Rahab alipanga chumba cha mabati mjini Kitale, na kivuli kikaja kikalala uani. Mwenye nyumba alisema hakina taabu, mradi kisizuie kamba za kuanikia nguo.

Agosti Phelista alikuja kumtembelea, akiwa na Ivy ambaye sasa alitembea, na gunia la mahindi mabichi. Waliwasha jiko uani. Wapangaji walitoka mmoja mmoja kwa ajili ya harufu, kila mtu na kigoda chake, na mwenye chumvi akaleta chumvi. Rahab alipewa hindi la kwanza. Alilitafuna polepole, akalitazama, akatafuna tena.

"Hii ni ya kwetu," alisema. "Ile pande ya mto."

Phelista aligeuza mahindi juu ya makaa. Alisema kwamba Khisa, aliyemuuzia, amevuna vizuri mwaka huu, na kwamba hakujua aseme au asiseme.

Rahab alilivunja hindi lake katikati, akampa mtoto nusu.

"Geuza hiyo ingine," alisema, "inaungua."