Kipande cha Zamani Kibaki

Asubuhi aliyoondoka Aynalem, maji ya kahawa yalikuwa jikoni na kompyuta yake ilikuwa wazi mezani. Aliinuka kufuata vikombe, akaketi sakafuni taratibu kama mtu aliyechoka, na hakusimama tena. Waombolezaji walipojaa, mtu fulani aliifunika ile kompyuta bila kuizima. Nami sikuizima kwa miezi mitano.

Aynalem, mke wangu, alikuwa katibu wa idir yetu, chama cha mtaa cha kuzikana. Yeye ndiye aliyepanga nani abebe hema, nani mabenchi, nani masufuria. Baada ya arobaini yake wazee wakanikabidhi kazi hiyo. Nikawa naandika kando ya kurasa zake, sifungi hata moja. Umeme ulipokatika niliibeba kompyuta kifuani hadi kwenye mkahawa wenye jenereta, nikaagiza chai nisiyoitaka. Lakini mashine ilizidi kulemewa. Jumapili moja ilichukua saa nzima kunifungulia orodha, na mabenchi yakafika msibani vikongwe wameshachoka kusimama. Hapo nikajua kwamba huzuni yangu imeanza kuwasimamisha wengine.

Nikapanda ghorofani, mtaa wa Arat Kilo, kwa Bezawit, fundi wa kompyuta aliyesoma darasa moja na binti yetu.

"Gashe Worku, kurasa arobaini na moja ziko wazi," alisema, akiniita Gashe, jina la heshima kwa wazee. "Hii unaitumia au unaifuga?"

"Niongezee memori tu, mwanangu. Usiizime."

"Haiwezekani bila kuzima. Na memori, Gashe, ni kama sinia la kahawa. Vikombe hukaa juu yake wageni wakiwepo. Ukizima, sinia linapanguswa. Kisichotiwa kabatini, kesho hakipo."

"Basi nirudishie."

Hakunirudishia. Alinisogezea kigoda. "Tutie kabatini kwanza, kimoja kimoja. Wewe nitajie majina."

Tukaanza. Orodha za mahema. Barua ya kuomba uwanja. Picha ya mjukuu, mara tatu. Ukurasa wa mwisho haukuwa na jina, ila mstari mmoja tu: *Zamu za nyumba za karibu wapewe wenye magoti mabaya: Worku,* na baada ya mkato ule, weupe mtupu.

Miaka yote nilidhani ni bahati yangu kupangiwa kubeba mizigo kwa majirani tu.

"Huu niuite nini?" Bezawit aliuliza, macho yake yakiwa kwenye kioo.

"Uite Magoti."

Alicheka kidogo, akauhifadhi. Kisha akatandaza kitambaa na kuweka juu yake vipande viwili vyembamba vya memori, kila kimoja kirefu kama kidole. "Sasa chagua. Nikitoa cha zamani nikaweka hivi pacha, mashine itaruka. Nikikiacha na kuweka kipya kimoja kando yake, vitafanya kazi pamoja, lakini kipya kitapunguza kasi, kimfuate mzee wake."

"Hakitaumia?"

"Kipya? Hakilalamiki. Kwa orodha zako kitatosha."

Hapo nikamwona Aynalem akilini, kwenye mteremko wa kanisa. Peke yake alikuwa mwepesi; alikuwa akienda sokoni na kurudi kabla sijamaliza kunyoa ndevu. Tukiwa wawili, shuka lake jeupe halikuacha kumteleza mabegani. Kila hatua kumi alisimama kulitengeneza, mpaka nimfikie. Nami nilikuwa nikimtania kwamba hajui kujitanda.

"Kiache cha zamani," nikasema.

"Mimi ningechukua pacha."

"Wewe una magoti mazima."

Alinitazama kidogo, akarudisha kipande kimoja kwenye kasha. Kisha akaweka kidole kwenye kitufe cha kuzimia na kusubiri. Nilipotikisa kichwa kukubali, akabonyeza. Feni iliyovuma miezi mitano ikanyamaza.

Siku hizi orodha hufunguka kabla maji ya kahawa hayajachemka. Naizima kila jioni. Zamu za nyumba za karibu wanapewa wenye magoti mabaya, tuko saba.