Mikono ya Binti wa Fundi Saa

Adhuhuri, madawati ya madrasa yakishasukumwa ukutani, watoto hutandika mikeka na kuswali. Mwalimu wa wasichana alikuwa akinyoosha safu aliposikia mwalimu mkuu akikohoa mlangoni. Mkuu akanyoosha kidole safuni.

"Wewe, binti wa fundi saa. Mbona mikono inaning'inia? Funga kifuani kama wenzako."

Mtoto huyo na pacha wake wa kiume walikuwa wamehamia juzijuzi, na mgeni ni kuku mweupe. Kwao waliswali mikono ikiwa ubavuni. Mwalimu alijua fika kwamba njia zote mbili ni sahihi. Marehemu baba yake, imamu mzima, aliswali mikono chini kama mtoto huyo. Alijua pia kwamba mwalimu wa kike aliyemtangulia alimsahihisha mwalimu mkuu mara moja tu, na kiti chake ndicho anachokalia yeye. Akajitia hamnazo.

"Na pacha wake?" aliuliza msichana mmoja.

"Yule mwanamume," alijibu mwalimu mkuu. "Ataelewa akikua."

Mtoto akafunga mikono. Swala ikaisha, mikono isifunguke. Mwalimu aliivuta, akaipaka mafuta, wapi! Mama mtu akawa anamlisha na kumvisha, akisema afadhali mikono kuliko miguu, maana madrasa ni mbali. Hati ya mtoto ilikuwa nzuri kuliko ya yeyote darasani. Sasa pacha alimwandikia, na alama akapewa pacha. Mwalimu mkuu alifurahi, akawaambia wasichana waige unyenyekevu ule.

"Bi Mwalimu," mtoto alinong'ona, "bibi yangu aliswali mikono chini mpaka akafa. Alikosea?"

Swali lile lilimtisha mwalimu kuliko mwalimu mkuu mwenyewe.

"Hakukosea, mwanangu."

"Basi waambie."

Hakupata lepe la usingizi. Asubuhi, kwenye kikao cha walimu, aliinua mkono kuomba nafasi. Mkono ulifika begani, ukageuka, ukajilaza kifuani. Wa pili ukaufuata. Wenzake walisogeza vikombe vyao vya chai asije akavimwaga. Mwalimu mkuu alimshukuru kwa adabu yake.

Mdomo ulikuwa bado wake. Akaufunga mwenyewe.

Adhuhuri aliingia darasani hivyo hivyo. Binti wa fundi saa alimtazama kifuani. Alijisogeza tu mkekani, akampisha nafasi.