Chuma ya Koti

Nyiii. Kiti cha plastiki kililia gizani, kikanyamaza. Kisha tena, nyiii, polepole, kama mtu anayefungua banda asiwaamshe kuku. Chelimo alifungua macho. Alijua ni Kogo Rodah, mama mkwe wake, anajaribu kusimama peke yake kabla nyumba haijaamka. Halafu ikaja sauti ambayo Chelimo hakuipenda: pu! Kogo amerudi kitini.

"Kogo, nije nikushike?"

"Lala, mama Cherotich. Nilikuwa nageuka tu."

Kugeuka gani. Johana, mwana wa kwanza wa Kogo, alikuwa amesema mwisho wa mwezi atakuja na gari kutoka Nakuru. Akikuta mama bado hainuki mwenyewe, anamchukua akakae kwake, ghorofa ya tatu. Kogo, aliyechuma chai kwenye mteremko huu miaka arobaini, aliuliza swali moja tu: "Huko juu, ng'ombe wanalala wapi?" Chelimo alimtazama Cherotich wake wa miaka minne, aliyekuwa hajalala hata usiku mmoja bila kusikia nyanya yake akikohoa ng'ambo ya ukuta, akamvuta karibu.

Na goti lenyewe halikuwa limekufa. Daktari wa mazoezi alisema limelegea tu: asimame na kuketi mara thelathini kila siku, ashike kitu kigumu. Chelimo akakimbilia kununua mipira ya kuvuta, ya rangi tatu, kwa mchuuzi aliyepita akisifu mali yake. Siku ya tatu ule wa kijani ulikatika ukamchapa Kogo vidoleni.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," Kogo alisema akipuliza vidole. "Na wewe ukakifungulia lango."

Kwa hiyo safari hii Kogo hakumtuma mtu. Chelimo akiwa shambani, Kogo alichukua simu akampigia mwenyewe Nyathira wa duka la vyuma, Kapsoit. Alhamisi pikipiki ikaleta gunia. Chelimo alipolifungua alikuta chuma kirefu kama mikono miwili iliyonyooshwa, na chini yake kulabu sita zimepangwa kama meno.

Akapiga simu. "Nyathira, umetuletea nini?"

"Si ni ile chuma ya koti? Kogo mwenyewe aliniambia, 'Nataka chuma ya koti, ngumu, ishikilie mtu mzito.' Nikamuuliza koti ngapi. Akasema koti ni moja, ya kulia."

"Ya kulia?"

"Hata mimi nilishtuka. Nikasema pole, nikajua ni ile ya kuvaa matangani, nikaongeza kulabu za makoti ya wageni."

Chelimo alikaa juu ya gunia. "Nyathira. Goti. Goti la kulia."

Kwenye simu kikatoka kicheko kilichomfanya mteja fulani kule dukani aulize kuna nini. "Ngai! Na vile nilimpa pole!"

"Utatubadilishia?"

"Imechomelewa kwa oda, mama, nitamuuzia nani? Lakini skiza. Fundi Mokaya aliichomelea mbele yangu, halafu akajining'iniza hapo yeye mwenyewe kuijaribu. Na mwili wa Mokaya unaujua."

Chelimo aliujua. Akakitazama kile chuma upya. Mpira wa kijani haukuweza vidole vya mwanamke mzee. Hiki kimembeba Mokaya. Tena, nani alisema lazima chuma cha makoti kikae juu kichwani? Jioni mumewe, Kiplimo, alikifunga kwa bolti kwenye nguzo mbili za sebuleni, chini, usawa wa kifua cha mtu aliyeketi. Kulabu moja ikapata kipande cha tyubu kuukuu ya pikipiki, cha kuvutia mguu. Zilizobaki zikachukua kikapu cha chai, sweta na mkoba wa shule.

Kuanzia hapo nyumba iliamka kwa hesabu. Cherotich ndiye aliyehesabu, na akifika kumi na mbili alirukia ishirini. Kogo hakumsahihisha, kwa kuwa ilimfaa. Chelimo ndiye aliyemrudisha nyuma, na Kogo akamwita askari jela.

Johana alikuja Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya kanisa. Aliinama mlangoni, akasalimia, akavua koti lake la suti na kulitundika pale pale. "Mmeweka chini sana hii," alisema. "Mama, begi imefungwa?"

Kogo alilitazama lile koti. "Toa nguo yako, Johana. Umekalia njia yangu."

Johana akaitoa, hajui kwa nini. Chelimo alikuwa ameshika birika. Kogo akaweka kiganja kwenye chuma. Nyiii, kiti kikalia. Chelimo akaingoja ile sauti nyingine.

Haikuja. Kogo alikuwa wima, anapumua kwa nguvu. Kisha akaachia chuma, akapiga hatua tatu, akamnyang'anya Chelimo birika na kummiminia mwanawe chai.

"Kunywa," alimwambia. "Ukirudi salimia hiyo ghorofa."

Johana alitazama kikombe, akatazama miguu ya mama yake, koti bado limemning'inia mkononi. Cherotich akamvuta suruali.

"Koti ya Kogo imepona."