Kichwa cha Mpwa

Vinyozi wote wanaongea, hilo halina ubishi. Lakini yule aliyeitwa Profesa aliwazidi wenzake kama bahari inavyozidi kisima. Cheo hicho hakukipata shuleni. Yeye na shule waliagana mapema, tena bila kukumbatiana. Alipewa na wateja kwa sababu ya mikeka, yaani zile karatasi za kubeti ambamo mtu hupanga mechi zake, akazitabiria matokeo, akaweka pesa, kisha akakaa roho mkononi.

"Profesa, hebu nisomee huu mkeka," mteja angesema, povu likiwa bado shingoni.

Profesa angeweka wembe kando, akaikodolea macho ile karatasi, akaguna. "Hii timu ya tatu itakuua. Kipa wao ana mgonjwa nyumbani."

Alijuaje habari za mgonjwa wa kipa aliyeko ng'ambo ya dunia? Usiniulize. Watu waliamini, wakaondoka wamenyolewa na wamepata ushauri bure.

Duka lenyewe lilikuwa la kiti kimoja, kile cha kuzunguka, mkono wake umefungwa plasta. Kulikuwa na kioo kilichopasuka pembeni, chupa ya spiriti, poda, taulo zinazoanikwa mlangoni, na juu ya kioo, televisheni. Ilitundikwa pale makusudi, jicho moja liwe kwenye kichwa na jingine kwenye mpira. Hiyo televisheni aliinunua siku aliyoshinda mkeka mkubwa, na kila aliyeingia alisimuliwa. Siku alizoshindwa hazikusimuliwa. Ushindi ulipita barabarani kwa matarumbeta, hasara zilipitia mlango wa nyuma, na huko nyuma kulikuwa na msongamano, we acha tu.

Mkewe alishatangulia mbele ya haki, na watoto hawakujaliwa. Alichokuwa nacho Profesa ni dada yake, mpishi wa shule, na mtoto wa dada huyo. Mpwa huyo alimlea kama wake. Alimnyoa nywele za kwanza, akamnyoa za shule, akamnyoa za kazi alipokuwa fundi umeme. Alikijua kichwa kile kuliko mfuko wake: kovu la kuanguka kwenye ngazi, kinundu nyuma ya sikio, na nywele za kisogoni zilizoota kwa kuzunguka, zisizokubali mashine inayotoka kulia. Kinyozi mwingine hakuwahi kukigusa. Jambo hilo lilimpa Profesa fahari kuliko hata televisheni.

Basi mpwa akapata mchumba, harusi ikapangwa, ndugu wakagawana majukumu. Mjomba akasimama kikaoni, kifua mbele. "Mpiga picha niachieni mimi!"

Wakampigia makofi. Na pesa kweli alikuwa nazo, ziko tayari kwenye bahasha. Tatizo zilikaa pale siku kadhaa, zikaanza kumnong'oneza. Kwa nini tumlipe mpiga picha mmoja wakati tukizaa tutalipa wawili, na keki juu? Profesa akazipeleka kwenye mkeka. Ili kumzuia mpiga picha asije kudai kianzio, akampigia simu akamwambia harusi imesogezwa mbele. Jamani! Mtu na akili zake.

Asubuhi ya harusi, mechi zote za mkeka zilikuwa zimekubali isipokuwa moja. Ilichezwa saa hizo hizo katika nchi ya mbali, kati ya timu mbili ambazo hata mtangazaji aliyatamka majina yao kama anayeomba radhi. Televisheni haikuionyesha, kwa hiyo Profesa aliisimamisha simu chini ya kioo. Bwana harusi akaketi, shuka shingoni, furaha tele.

Mashine ya kunyolea, kwa asiyejua, huvishwa kichanuo cha plastiki mdomoni ili isile nywele hadi ngozi. Profesa alikuwa amekivua achonge ndevu. Ndevu zikachongeka vizuri. Kwenye simu, mpira ukaenda kona. Profesa akarudisha mashine juu ya paji la uso, jicho likiwa kwenye kona, na kichanuo kikiwa mezani.

Zzzzz. Kutoka pajini hadi utosini.

Ikatokea njia nyeupe, pana, imenyooka, baiskeli ingepita. Na papo hapo, kule mbali, goli likaingia. Liliingia upande ambao Profesa hakuupangia.

"Mjomba," mpwa akasema polepole, akijitazama kiooni.

"Naam, baba."

"Hii ni nini?"

Profesa akaipuliza mashine. "Huu... ni mtindo."

"Mjomba!"

Kisha yule kijana akaangua kicheko. Ndivyo alivyokuwa, moyo wake mweupe tangu utotoni. "Haya, malizia. Zote. Kipara ni kipara." Akanyolewa hadi kichwa kikang'aa kama sufuria mpya. Bibi harusi alipomwona alicheka mpaka akashikiliwa. Hakuna aliyekasirika. Ya nywele yaliishia pale pale, tena yakawa utamu wa sherehe.

Lakini mpiga picha hakuja. Watu wakangoja, wakachungulia getini, mwisho wakaanza kupiga picha kwa simu zao, nusu yake zikiwa za vidole gumba. Unajua nani alimtukana mpiga picha kwa sauti kuliko wote? "Watu wa siku hizi!" Profesa alinguruma, akipiga meza. "Umemlipa mtu pesa taslimu, anakuacha kwenye mataa! Hawana utu!" Hapo hata mimi ninayesimulia natamani nimzabe kibao.

Siku zikapita, na nywele za mpwa zikaanza kuota, kama kawaida ya nywele. Profesa akaweka kichanuo kipya tayari. Akangoja. Mpwa hakuonekana. Labda kazi nyingi, akajiambia. Labda ndoa changa.

Alasiri moja, akiwa amekishika kichwa cha muuza viatu, akatupa jicho ng'ambo ya barabara. Kule kulikuwa na saluni mpya ya vioo vitupu, yenye viti vyekundu. Kwenye kiti cha kati aliketi mpwa wake, shuka shingoni. Kinyozi wa kule alikuwa anamnyoa kisogoni. Tena anatokea kulia!

Profesa akazima mashine. Alihisi wivu, akahisi aibu, na nyuma ya hivyo viwili akahisi woga, kwa sababu mpwa hakufichwa na ukuta wala pazia. Alikaa pale makusudi, aonekane.

"Profesa, mbona mashine imenyamaza?" muuza viatu akauliza.

Kabla hajajibu, mlango ukajaa dada yake. Mikono iliyozoea kusonga chakula cha shule nzima si mikono ya mchezo. Akamwelekeza muuza viatu mlango. "Wewe, utarudi baadaye."

"Nusu kichwa, mama?"

"Vaa kofia."

Akatoka bila kofia. Dada akafunga mlango, akaketi kwenye kiti cha wateja, akakizungusha hadi wakatazamana.

"Mwanangu alienda kuunga umeme nyumba fulani," akaanza. "Mwenye nyumba ni nani? Mpiga picha. Mwanangu akamgombeza mbele ya watoto wake. Akamwita mwizi. Yule baba wa watu akaapa hakulipwa hata senti, na kwamba mjomba mtu ndiye aliyempigia kusema harusi imesogezwa."

Profesa akatazama sakafu. Nywele za watu wa aina zote zilikuwa pale chini.

"Ilikosea timu moja tu, dada. Moja! Na wiki hii nina uhakika kabi..."

"Nyamaza." Hakupaza sauti, na hapo ndipo Profesa alipoogopa zaidi. "Nywele zake ulipoziharibu, alicheka. Angekuja kwako hata ungemkata sikio. Umemfanya amtukane mtu asiye na kosa. Kichwa chake hukipati tena, mdogo wangu. Amesema hawezi kukaa chini ya mkono wa mtu asiyejua akili yake iko wapi."

Profesa, mtu mzima na mvi zake, akalia. Alilia akifuta uso kwa taulo la wateja, mpaka poda ikamganda mashavuni.

Dada akamwacha kwanza. Kisha akatoa karatasi kwenye pochi, mkeka wa zamani aliouokota kwenye koti la mdogo wake. "Soma hapa."

"Huo ulishashindwa siku nyin..."

"Mstari wa chini kabisa. Huo mdogo."

Profesa akaisogeza karatasi karibu, akaisogeza mbali. *Mchezo ukikushinda kuacha, piga namba hii. Simu ni bure.*

"Profesa mzima," dada akasema. "Miaka yote unasomea watu mikeka, na huu hukuwahi kuuona?"

"Nitaacha mwenyewe, dada. Naapa."

"Uliapa kwenye msiba wa wifi yangu. Uliapa tena ulipouza redio. Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Piga."

Akapiga. Dada alishika ufagio kama askari aliyeshika zamu. Ikapokelewa na mama mwenye sauti ya upole, akajitambulisha kuwa ni nesi.

"Napiga kwa ajili ya rafiki yangu," Profesa akasema.

"Karibu sana, kaka. Rafiki yako anafanya kazi gani?"

"Kinyozi."

"Anacheza hata akiwa kazini?"

"Anacheza hata... ee. Hata kazini."

"Na akipoteza, hurudi haraka kutafuta alichopoteza? Huwaficha watu wake?"

Ufagio ukagonga sakafu.

"Ni mimi," Profesa akasema.

"Najua," nesi akajibu, bila kucheka wala kushangaa. "Hapa kwetu marafiki ndio hutangulia kupiga. Wenyewe hufuata nyuma yao."

Hakumhubiria. Alimwambia aandikie zile kampuni za kubeti zimfungie akaunti zake, maana mteja ana haki ya kuomba kufungiwa. Pesa za duka zikae kwa mtu anayemwamini, na macho ya Profesa yakaenda kwa mwenye ufagio. Halafu akamwalika kliniki, chumba kilicho karibu na kwa daktari wa meno, ambako watu wenye tatizo hilo hukutana Jumamosi asubuhi.

Alikwenda akitarajia kukuta wahuni. Akamkuta mwalimu wa hesabu, mtu wa miwani, aliyeweza kukokotoa uwezekano wa kila kitu na bado akapoteza kiwanja. Akamkuta mama mwenye duka la vyombo. Sheria yao ilikuwa moja: hakuna kusimulia ushindi. Siku ya kwanza Profesa alikaa kimya mwanzo hadi mwisho. Mdomo ule uliokuwa haujui likizo, siku hiyo ulikosa cha kusema.

Usidhani alinyooka kama rula. Siku moja ya sikukuu, upweke ulipombana, alijisajili kwenye kampuni nyingine, akacheza, akaliwa. Lakini mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, na safari hii alichutama kabla hajavuliwa: Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Mwalimu wa hesabu akamsogezea kiti. "Tunaanza upya," akasema, "hakuna namna."

Televisheni akaishusha, ukutani pakabaki alama ya mraba. Wateja wakalalamika, weee! Na waliokuja na mikeka aliwarudishia bila kuisoma.

"Wewe ukicheza kwa pesa ya soda, ukaliwa, ukaenda zako unapiga mluzi, cheza, ni starehe yako," alimwambia muuza viatu. "Lakini siku ukiona unacheza kwa pesa ya kodi, au unamdanganya mkeo, njoo nikupe namba. Mimi soda yangu haina chupa; nikianza, sina pa kuishia."

Kwa mpiga picha alienda kwa miguu yake, akaomba radhi mbele ya wale watoto. Kisha akaenda kwa mpwa. Alimkuta mlangoni anakunja nyaya. Akamwambia yote, ya bahasha, ya simu, ya kona, bila kupunguza na bila kumtupia lawama kipa wa mtu.

Mpwa akaendelea kukunja waya. "Ungeniambia tu huna, mjomba. Tungecheka."

"Najua."

"Nimekusikia."

Hakusema karibu tena, wala hakusema samahani imepokelewa. Profesa akarudi dukani. Akaendelea kunyoa, akaendelea na Jumamosi zake, na kila alipotupa jicho ng'ambo aliziona nywele za mpwa zikiota na kunyolewa, zikiota na kunyolewa, daima kwa kutokea kulia. Ilimuuma kila mara.

Halafu ikafika siku ya fainali. Mtaa mzima ulihamia mgahawa wa jirani wenye skrini kubwa, duka likawa tupu. Profesa alikuwa anasafisha brashi mlango ulipofunguka. Mpwa akaingia, hakusalimia kwa maneno mengi. "Shikamoo, mjomba." Akaketi kwenye kiti chenye plasta.

"Marahaba, baba." Akajidai anatafuta shuka. "Nikupunguzeje?"

"Kama zamani."

Profesa akachukua mashine. Akavisha kichanuo, akakikagua kwa kidole gumba, akakikagua tena. Akaanza kisogoni, kutokea kushoto. Kovu lilikuwepo, na kinundu kilikuwepo. Alipofika juu ya paji la uso, mgahawa wa jirani ukalipuka. Watu walipiga kelele, meza zikagongwa, mtu akapuliza vuvuzela, bati za paa zikatetemeka. Mpwa akayafumba macho, akakaza mikono kwenye kiti.

Mashine iliinuka kidogo kutoka kichwani, ikasubiri mtetemo upite, ikashuka tena pale pale ilipoachia.

Mpwa akafumbua jicho moja, akamtazama mjomba wake kiooni.

"Nani kafunga?"

"Sijui," Profesa akasema. "Inamisha kichwa."